Mbwa wa Bwana Hatibu

Kufikia ukurasa wa sitini, Fundi Daimu alikuwa amejifunza mambo mawili katika kitabu chake: kwamba Bwana Hatibu alikuwa na ukuta, na kwamba ukuta ule ulikuwa na ufa. Kitabu kizima kilikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili. Daimu, ambaye kazi yake ilikuwa kupima watu kwa macho, alikipima na kitabu, akaona kwamba kwa mwendo ule paa la nyumba ya Bwana Hatibu angelifikia mwakani, Mungu akipenda, na mlango wa mbele mwaka wa kufuata.

Hakikuwa kitabu cha kupigwa chapa. Kiliandikwa kwa mkono, maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mtu fulani wa Kilwa ambaye bila shaka alikuwa na wino mwingi na shughuli chache. Kilifika Songea ndani ya sanduku la karani mmoja wa boma, na karani huyo alipohamishwa, mwaka 1912, alimwachia Daimu kitabu hicho kiwe shukrani kwa kanzu aliyomshonea bila kuikosea.

"Kinaanza polepole, Fundi," karani alimwonya. "Ni habari za watu wa mtaa mmoja na ndugu wa nyumba moja, wanavyopendana na wanavyoudhiana. Usikate tamaa. Ukifika katikati hutakiweka chini."

Daimu, ambaye hakuwahi kufika katikati ya jambo lolote, aliahidi kuvumilia.

Kusoma alijifunza utotoni kwa mwalimu mmoja aliyekuja na misafara kutoka Lindi. Aliimaliza Kurani yote bila kuelewa neno, akatoka pale akiamini kwamba kusoma ndiko huko. Baadaye alipokutana na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi zilezile alishtuka kukuta kwamba kina maana, na hakuwahi kuizoea vizuri hali hiyo. Sasa boma limeacha herufi hizo na kuchukua za Kidachi, vijana wa misheni wanasoma kwenda kulia, na upande ule wa mji wenye kuzijua be na te za Kiarabu walikuwa wachache. Daimu alikuwa mmoja wao. Alisoma kidogo na kujivuna sana, kila kimoja kikimsaidia mwenzake.

Habari zake nyingine watu walizijua kwa kinywa chake mwenyewe. Vita vya Maji Maji vilipofika kwao Lusewa, Daimu alikunywa dawa kama wenzake, akanyunyiziwa, akaambiwa risasi zitageuka maji. "Ile dawa ilinifanyia kazi barabara," husema. "Risasi ya kwanza ilipolia, niligeuka mimi." Watu hucheka. Hucheka zaidi wakisikia kwamba mtu aliyewakimbia Wadachi alikimbia hadi akatokea kwenye boma lao, na kwa kuwa alijua sindano, akapewa kaki awashonee askari suruali. Hapo Daimu huomba ugoro, na hadithi huwa imekwisha.

Kilichofuata hakukisimulia. Baada ya vita, maghala yalipokuwa yamechomwa na njaa imeingia, alipata ujumbe kutoka kwa dada yake Tabu kwamba Lusewa hali ni mbaya, aje. Alikusudia kwenda. Kulikuwa na suruali arobaini za kumaliza kwanza. Kisha ikaja mvua, akangoja ipungue. Alipofika ilikuwa wiki ya nne, na Tabu alikuwa ameshazikwa siku tisa. Mlangoni alikaa binti yake, Biasha, mwenye miaka kumi na mitatu, aliyemwambia, "Shikamoo, Mjomba," kama vile amekuja kutembea tu.

Kwa Wayao mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Baba ni mgeni wa heshima. Na kwa kuwa wengine wote walikwisha ama kwa risasi ama kwa njaa, ukoo mzima wa Daimu sasa ulikuwa mtu mmoja, wa miaka kumi na tisa, anayekaa kwenye kizingiti cha duka lake akishona vifungo kwenye makoti ya askari na kukata uzi kwa meno.

Ndiyo sababu Abasi alipokuja, Daimu alipatwa na kitabu.

Abasi alikuwa mfanyabiashara wa Tunduru, mtu wa miaka thelathini, mpole, aliyekuja Songea na chumvi na kurudi na nta. Alikuja na mzee wa kumsemea, akavua viatu, akasema kwa adabu kwamba anamtaka Biasha, na kwamba angependa kukaa naye kwao Tunduru. Biasha alikuwa ameshasema kwamba yeye hana kipingamizi. Ilibaki kauli ya mjomba.

Daimu alitazama huku na huku kutafuta sababu. Suruali hazikuwapo siku ile. Kitabu kilikuwapo.

"Nina kitabu nakisoma," akasema. "Kitabu kizito. Sipendi kuchanganya mambo mawili mazito kichwani. Nikikimaliza nitatoa jibu."

Maneno yalishatoka kabla hajayakagua. Mzee wa kumsemea Abasi, aliyeheshimu maandishi kwa kuwa hakuyajua, aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

"Kina kurasa ngapi, mzee wangu?" Abasi akauliza.

"Si nyingi," alisema Daimu, akakisukuma nyuma ya cherehani.

Ilikuwa mwezi wa saba. Ili watu wasiseme kwamba anasingizia, Daimu akaanza kukisoma hadharani, kila siku baada ya alasiri, kwenye baraza ya duka. Aliweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti ya puani aliyodhani ni ya kisomi, na kila jioni akaweka alama kwa kijiti cha mtama. Wasikilizaji wa kudumu walikuwa wawili. Mmoja ni Alfani, mshona viatu wa jirani, Mwislamu mwenye kushika sana mambo ya tohara na udhu. Mwingine ni Pankrasi, seremala Mkatoliki wa Msamala, aliyefundishwa na mapadri kusoma herufi za Kidachi, na ambaye alikuja siku ya kwanza kucheka herufi zinazotembea kinyumenyume. Siku ya pili alikuja na kigoda chake. Biasha alikaa kizingitini na vifungo vyake, na hakuuliza ila swali moja, lilelile kila siku: "Halafu, Mjomba?"

Kurasa za ukuta zilikuwa mateso. Nani aliujenga, nani aliuegemea akafa, ndugu gani waligombana kwa ajili yake na wakapatanishwa na nani, na bibi wa nani alikuwa binamu wa bibi wa nani. Pankrasi alilala mara mbili akaanguka mara moja. Daimu naye angelala, ila yeye ndiye aliyekuwa akisoma.

Kisha, kwenye ukurasa wa sitini na nne, akatokea mbwa.

"'Na Bwana Hatibu,'" Daimu akasoma, "'alimpenda sana mbwa wake, hata hakuweza kula mpaka mbwa wake amekaa naye... sinia moja.'"

Alfani aliacha kushona kiatu. "Sinia moja?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na mbwa? Hao ni Waislamu wa wapi?"

"Wa pwani," alisema Daimu. "Pwani wana mambo yao."

"Na udhu, je?"

"Bahari iko karibu," Daimu akasema, naye mwenyewe akaona ni jibu zuri.

Pankrasi alikuwa ameamka kabisa. "Mbwa wa kula na bwana wake ni mbwa wa kuwinda huyo. Soma, Fundi. Tujue kafanyaje."

Kuanzia hapo baraza ilipata uhai. Mbwa wa Bwana Hatibu hakuwa mbwa wa kawaida. Siku moja aliunguza wali, na Bwana Hatibu akamgombeza. Daimu alifafanua kwamba bila shaka alikipiga kikumbo chungu kikaingia motoni. Siku nyingine alisimama kwenye ule ufa wa ukuta akichungulia nje tangu asubuhi mpaka adhuhuri. "Ameona paa porini," alisema Pankrasi. Siku nyingine alikaa mlangoni akilia, akimkumbuka mama yake aliyekufa. Hapo Biasha akainama juu ya koti la askari kwa muda mrefu kuliko kifungo kimoja kinavyohitaji.

"Halafu, Mjomba?"

"Halafu imekwisha kwa leo," alisema Daimu.

Mwezi wa tisa wakaja wageni nyumbani kwa Bwana Hatibu, na hapo hata Daimu alisita. Alisoma mstari ule mara tatu kimoyomoyo. Neno moja lilikuwa na kasoro mwishoni, akaona mwandishi aliteleza kalamu, akamsahihisha.

"'Wakaja wageni kutoka mtaa wa pili... wamekuja kumbusu mbwa wa Bwana Hatibu.'"

"Kumbusu!" Alfani alisimama. "Fundi, mimi nina wake na watoto. Sikai mahali pa maneno haya."

Akakaa.

"Wakaleta kilemba," aliendelea Daimu, jasho likimtoka, "na mkaja."

"Kilemba cha nani?"

"Kwa maelezo yalivyo, cha mbwa."

"Na mkaja ni nini?"

"Utakuwa ule mkanda wa shingoni," alisema Daimu. Jambo asilolijua alilijibu upesi kuliko analolijua. Lilikuwa halimpi shida ya kuchagua.

"Bwana Hatibu akasemaje?" aliuliza Pankrasi.

"Akasema atafikiri. Akasema warudi kesho." Daimu akageuza ukurasa. "Wakarudi kesho, akasema kesho kutwa."

"Mtu mchoyo huyo," alisema Pankrasi. "Mbwa mmoja tu."

Abasi naye alikuwa akipita mara mojamoja, akisikia kutoka barabarani, asikae, kwa kuwa mposaji hakai mlangoni pa wakwe. Aliuliza tu, "Umefika wapi, mzee wangu?" Na Daimu akajibu, "Pazuri." Abasi aliahirisha safari mwezi wa nane, akaahirisha tena mwezi wa kumi. Sasa ilikuwa Novemba. Mawingu yalikuwa yanakaa juu ya milima ya Matogoro kila mchana, nta ilikuwa imefungwa, na msafara wa mwisho kabla mvua hazijafunga njia ulikuwa uondoke siku ya Ijumaa. Mama yake kule Tunduru alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba kama Songea hawana mke, kwao wapo. Abasi alimwambia Daimu yote haya bila kuinua sauti. Bila jibu, angekwenda, na akishakwenda hangerudi kwa shughuli hiyo.

"Nimesikia," alisema Daimu. Siku ya Jumanne akasoma ukurasa mmoja. Jumatano, nusu.

Alhamisi, wakati wa kusoma, alikuja Zena. Zena alikuwa mke wa sajini mpya wa boma, mwanamke wa Kilwa aliyefika Songea mwezi ule na bado alikuwa akilalamikia baridi. Alikuja kuchukua gauni lake. Gauni lilikuwa tayari tangu Jumatatu, lakini alichagua Alhamisi, baada ya alasiri, akasimama pembeni na kusikiliza, kanga begani.

"'Siku ile,'" Daimu alisoma kwa sauti yake ya puani, "'Bi Mkubwa akaja kwa Bwana Hatibu akamwambia: Bwana, unangoja nini? Mbwa wako amefikia umri wa kulewa.'"

"Heee!" alisema Pankrasi. "Huyo sasa ni mbwa wa kwetu."

"'Naye mwenyewe,'" Daimu akaendelea kwa uzito, "'anataka kulewa.'"

Zena alitoa sauti ambayo Daimu alidhani ni ya kukabwa na kitu. Alishika nguzo ya baraza. Kanga ikaanguka, naye hakuiokota.

"Anataka nini?"

"Kulewa. Imeandikwa."

"Fundi wangu," alisema Zena, akipangusa macho, "hebu nisomee tena kuhusu huyo mbwa. Wageni walipokuja walikuja kumfanyaje?"

"Kumbusu," Alfani akamjibu kwa uchungu wa miezi miwili.

Hapo Zena alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, na nguo zake safi. Ilichukua muda kabla maneno hayajatoka.

"Mpwa!" akasema. "Fundi, *mpwa!* Mtoto wa dada yake! Hao Waarabu hawana 'pe' yao, wazee wetu huiandika kwa be, wewe ndio uchague! Wamekuja kum-*posa*! Na o na u ni alama moja! Kilemba cha posa! Mkaja, ile haki ya mama! Na binti wa watu amefikia umri wa *kuolewa*!" Kisha akashindwa tena.

Daimu alitazama ukurasa. Alikuwa anajua kwamba be ina kazi mbili. Alipita kwenye pa na po za kitabu kile bila kujikwaa, kwa kuwa kupita na kupika hakuna mtu asiyeyajua. Lakini mpwa halikuwa neno la huku. Songea mtu husema mtoto wa dada, au humwita mjomba kama naye anavyoitwa. Mbwa, kwa upande mwingine, walikuwa wengi.

Hakuna aliyecheka tena baada ya Zena. Pankrasi alikuwa anarudi nyuma katika kitabu kwa kumbukumbu, waziwazi, midomo ikienda: sinia, wali, ufa, mlango, mama aliyekufa. Alipomaliza aligeuka taratibu akamtazama Biasha. Alfani naye akamtazama Biasha. Kisha wote wawili, kwa mpigo mmoja, wakamtazama Daimu.

"Kumbe si mbwa," alisema Pankrasi.

"Si mbwa," alisema Daimu.

"Na huyu Bwana Hatibu amemzuia tangu mwezi wa tisa."

"Nyumbani kwako hawana kazi ya seremala, Pankrasi?"

Pankrasi alichukua kigoda chake. Alfani alikwenda kutawadha, kwa tahadhari, ingawa sasa hapakuwa na sababu. Zena aliokota kanga, akachukua gauni lake, akampita Biasha kizingitini akamfinya bega.

Mwanga ulikuwa bado upo. Daimu alirudi ukurasa wa sitini na nne, akasoma upya, kimya, kidole kikienda. Yule Bwana Hatibu aliyekuwa mchoyo wa mbwa alikuwa sasa mtu mwingine, na tatizo ni kwamba Daimu alimfahamu. Alijua kabla ya kugeuza ukurasa kwamba mtu huyu atasema kesho. Alijua na sauti atakayoitumia. Ilimuudhi kwamba mtu wa Kilwa asiyemfahamu alikuwa amekaa chini akaandika habari zake, tena kwa mwandiko mzuri, na kwamba yeye mwenyewe amezisoma kwa sauti barabarani kwa miezi mitano, akifafanua.

"Ulijua," akamwambia Biasha.

"Nilijua, Mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu mambo ya wali. Nikasema, mbwa gani huyu anayegombezwa kwa kuunguza wali? Nikakumbuka kwao Abasi wanasema mpwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekifunga." Alikata uzi kwa meno. "Nami nilitaka kusikia. Kwangu kilikuwa kitamu tangu mwanzo."

"Hata ukuta?"

"Hasa ukuta. Si ndipo yule binti alipokuwa akichungulia? Bila kurasa zile tungejuaje kwamba kwenye ufa unamwona mtu wa mtaa wa pili akipita?"

Daimu alifikiri juu ya jambo hilo. Alifikiri pia juu ya yule paa wa Pankrasi.

"Na Zena?"

"Nilimwomba afuate gauni lake leo, saa ya kusoma. Nilikungoja ufike mwenyewe, Mjomba. Kisha nikaona hufiki."

"Basi mimi nimekuwa mjinga wa kurasa mia moja na arobaini na nane."

"Arobaini na tisa. Leo ulisoma mmoja."

Alikuwa akizihesabu. Daimu akaangalia kurasa zilizobaki, unene wa vidole viwili, na mkono ukamwasha kufungua ukurasa wa mwisho aone Bwana Hatibu alifanyaje. Lingekuwa jambo la kusaidia. Mtu angeiga.

"Usifungue," alisema Biasha. "Sitaki kujua Bwana Hatibu alifanya nini. Yule ameshakufa, na mpwa wake ameshakufa. Mimi niko hapa."

Mtaa ulikuwa unatulia. Mahali fulani upande wa boma tarumbeta ililia, kama ilivyolia kila siku saa ile, na kama kila siku Daimu alishtuka kidogo kisha akajifanya anakohoa.

"Mara ile Lusewa," akasema, "nilichelewa."

"Ulichelewa, ndiyo."

Hakuongeza neno la kumpoza, na Daimu akashangaa kuona kwamba neno la kumpoza silo alilokuwa akilingoja miaka yote hii.

"Kesho," akasema. Akalisikia neno lenyewe, akaona haya. "Kesho kabla jua halijapanda. Wao wanaondoka baada ya sala. Nitakuwa nimefika mapema."

Na kweli aliamka mapema. Akavaa kanzu, akaiona ina mkunjo, akaivua ili aipige pasi, kwa kuwa fundi hawezi kwenda kukubali posa akiwa na mkunjo. Makaa yakachelewa kushika. Akawa anayapepea huku akijiambia kwamba safari hii hakuna suruali arobaini zinazomzuia, kisha akaona kwamba hakuzihitaji kamwe. Alikuwa na uwezo wa kuchelewa kwa mkunjo mmoja. Akaiacha pasi, akavaa kanzu na mkunjo wake, akatoka.

Nyumba aliyopanga Abasi huko Msamala ilikuwa wazi, ndani hamna kitu. Pankrasi, aliyekuwa jirani, alitoka na randa mkononi.

"Wameondoka alfajiri, Fundi. Mkuu wa msafara ameyatazama yale mawingu akasema sala watasali njiani." Akautazama mkunjo wa kanzu. "Njia ya Tunduru ni ile. Kimbia."

"Mimi?"

"Risasi hamna. Jaribu tu."

Daimu alikuwa na miaka hamsini na kidogo, na kwa miaka sita mwendo wake mrefu ulikuwa kutoka cherehani hadi msikitini. Alianza kwa kutembea upesi kwa heshima. Kwenye nyumba za mwisho akapandisha kanzu magotini. Mbele kidogo kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, akakirudia hatua tatu, akakiacha, akakiacha na cha pili ili asiwe mtu wa ajabu. Wanawake waliokuwa wakipalilia mahindi waliinua vichwa. Mmoja aliuliza kama Maji Maji imerudi. Daimu hakuwa na pumzi ya kumjibu kwamba ingekuwa imerudi angekuwa anakimbia vizuri zaidi.

Aliwakuta kwenye kijito, wapagazi zaidi ya thelathini wametua mizigo, wengine wamekaa juu ya marobota ya nta, wanatafuna mihogo. Wote wakamwona. Abasi alikuwa ng'ambo, akaja kwa kuvuka maji na viatu miguuni, jambo ambalo mfanyabiashara hafanyi.

"Mzee wangu! Kuna msiba?"

Daimu alitikisa kichwa. Alitaka kusema, hewa haikuwepo. Alionyesha Songea kwa kidole, akajipiga kifua, akafanya ishara ambayo alidhani ni ya ndoa na ambayo wapagazi waliielewa vingine, wakacheka. Abasi akampa kibuyu cha maji. Daimu akanywa, akapaliwa, akagongwa mgongoni na mkuu wa msafara.

"Nimekubali," akasema hatimaye, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko alivyoikusudia. Wapagazi wakaacha kutafuna.

Abasi akauliza, "Kitabu kimekwisha?"

"Hakijaisha. Kimenishinda."

"Na Biasha?"

"Biasha alikubali mwezi wa saba. Wa kushughulikiwa nilikuwa mimi."

Abasi aliinamisha kichwa. Alipokiinua alikuwa anatabasamu, kisha tabasamu likapungua, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye kufikiri, na akauliza kwa sauti ya chini: "Nikishamchukua, mzee wangu, wewe utakaa na nani?"

"Usiniulize hilo mbele ya wapagazi," alisema Daimu.

Abasi hakuuliza tena. Alizungumza na mkuu wa msafara, akamkabidhi nta, akamwambia watangulie, yeye atawafuata baada ya siku nne, atakuwa na mtu. Wapagazi wakapiga vigelegele vya kiume, vibaya, wakabeba mizigo. Wawili wale wakarudi Songea polepole. Abasi alivua viatu vyake vilivyolowa akavibeba mkononi, kwa hiyo mtu aliyewaona kwa mbali asingejua ni nani kati yao aliyekimbia.

Walipofika dukani mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani kulikuwa na sauti za wanawake. Daimu alibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Hodi!"

"Nani?" ilikuwa sauti ya Zena.

"Mimi Daimu. Niko na Abasi."

Kisha kikasikika kicheko, kikazibwa kwa kiganja.

"Kaeni hapo hapo nje!" Zena akaita. "Nimemsuka upande mmoja tu."

"Tumetoka mbali, Zena."

"Biasha anasema nendeni tena mkitaka. Yeye hana haraka."

Abasi alimtazama Daimu. Daimu alimtazama Abasi, akapangusa vumbi kwenye baraza kwa upindo wa kanzu, akamwonyesha mahali pa kukaa.